Uzio wa bogenvilia juu ya mawe ya Mabatini

Nyumba yangu iko mlimani, Mabatini, na anayeijua Mwanza ameshaelewa: ukianza kuchimba shimo la nguzo, sururu inagonga jiwe kabla jasho halijakutoka. Fundi aliyekuja kupima uzio wa tofali aliutazama mteremko, akataja bei, nikamshukuru na kumsindikiza. Nilitaka kitu cha kuzuia macho ya wapita njia, kisichohitaji maji mengi, maana siku bomba likikauka huku kwetu ndoo hupanda mlima kichwani. Nikaamua bogenvilia.

Miche inauzwa kando ya barabara, ila kuzungusha kiwanja kizima kwa miche ya kununua ni kuchoma pesa. Dada yangu anayekaa Nyegezi hukata za kwake kila zinapoziba geti, na matawi yanaishia jalalani. Niliyaomba Oktoba, mvua za vuli zinapoanza.

Tawi la kijani kibichi huoza, na lenye gome gumu huchelewa. Chukua lililokomaa kiasi, unene wa penseli, ulikate vipande vya sentimita 15 hadi 20. Chini kata mshazari, karibu na jicho, pale chipukizi linapotokea. Juu kata sawasawa. Vipande vikishakuwa rundo, mkato huo ndio utakaokuonyesha upande wa kuingia udongoni, la sivyo vingine utavipanda kichwa chini. Majani bakiza mawili tu ya juu. Mimi hukata na miiba ya sehemu nitakayoshika. Wengine hawahangaiki nayo, lakini vidole vyangu bado navihitaji.

Kwenye viriba niliweka mchanga sehemu mbili na mboji sehemu moja. Mchanga tunao wa bure, ule wenye changarawe unaosombwa na mvua kutoka miambani. Maji hayatuami ndani yake. Viriba vikakaa chini ya mwembe, udongo ukiwa na unyevu tu, si tope. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kujizuia: jani jipya likichomoza wanavuta kijiti waone mizizi. Jani la kwanza linaweza kutoka kwa akiba ya tawi lenyewe, mizizi ikiwa bado, na mizizi michanga ya bogenvilia hukatika kwa kuguswa tu. Subiri uione ikichungulia kwenye matundu ya kiriba.

Nilizihamisha masika yalipoanza, Machi. Mashimo sikuyapanga kwa kamba. Jiwe ndilo lililoamua. Kila penye mfuko wa udongo kati ya miamba nilijazia luseni, yaani udongo wa kichanga, na samadi iliyooza vizuri, kisha nikateremsha mche na kiriba chake na kukichana kwa wembe humohumo shimoni, donge lisimeguke. Mbuzi wa mtaani hupenda machipukizi yake, kwa hiyo nilizizungushia matawi ya miiba mpaka zilipoota miiba yake ya kutosha.

Zilipochanua kiangazi, jirani alisimama njiani akauliza, "Jirani, hiyo mbolea unaitoa wapi? Yangu ina majani tu."

"Sina mbolea, mama. Naitesa kwa kiu."

Alidhani namficha. Yake ameipanda ukingoni mwa tuta la mchicha, inanyweshwa kila jioni na kula mbolea ya kuku, na nusu ya siku iko kwenye kivuli cha nyumba. Bogenvilia inataka jua kali, saa sita kwa siku au zaidi. Naitrojeni ikizidi, kama ya urea au samadi nyingi, inajenga majani na matawi marefu. Mvua zikikatika Juni, mimi naacha kumwagilia hadi majani yaanze kulegea, ndipo nainywesha mara moja ishibe, halafu naiacha tena.

Nilimwita aitazame kwa karibu. Ile rangi ya waridi si maua hasa, ni majani matatu membamba kama karatasi, na maua yenyewe ni vijibomba vitatu vyeupe katikati. Ndiyo maana rangi hudumu wiki nyingi hata upepo wa ziwani ukivuma. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliiona Brazili mwaka 1767 akiwa safarini na nahodha Bougainville, ambaye mmea unabeba jina lake. Kwa inavyoshika mawe ya Mabatini, ungeapa ni ya Kisukuma.

Rangi ikipukutika, napunguza ncha, kwa sababu maua hutoka kwenye chipukizi jipya. Mkato mkubwa naufanya mwishoni mwa Septemba. Vaa mikono mirefu, kwani utomvu huwasha ngozi za baadhi ya watu, na usiache matawi njiani: miiba yake inatoboa kandambili na hata tairi la bodaboda.

Anayetaka matawi, nakata tena kabla ya vuli. Aje na glovu zake.