Sintetiki au ya Kawaida: Oili ya Injini kwa Barabara za Nyanda za Juu Kusini

Anayenunua oili ya gari hapa Mbeya hukabiliwa na maswali mawili, ingawa muuzaji humuuliza moja tu. Muuzaji huuliza kama mteja anataka sintetiki au ya kawaida, na mteja, akiisha kulinganisha bei, huchagua kwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililopaswa kutangulia, linahusu uzito wa oili yenyewe, yaani ilivyo nene au nyepesi kutiririka, unaoonyeshwa na zile namba zilizoandikwa ubavuni mwa galoni: 5W-30, 15W-40, 20W-50, au ile 40 isiyo na mwenzake ambayo mafundi wetu huiita namba arobaini. Naandika haya kwa ajili ya wenye magari madogo ya petroli, hasa IST, Vitz, Probox na Noah, kwa sababu ndiyo yanayojaa katika maegesho ya Mwanjelwa, Makambako na Mafinga. Wapo wanaolipia sintetiki ya gharama kubwa huku uzito wake haulingani na injini, na wapo wanaotumia oili ya kawaida yenye uzito sahihi na magari yao yanaendelea vizuri miaka nenda rudi.

Kwanza tuondoe dhana kwamba sintetiki ni kitu kilichotengenezwa maabara bila kuhusiana kabisa na mafuta yanayochimbwa ardhini. Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayojulikana kwa herufi API, huyagawa mafuta ya msingi katika makundi 5. Kundi la 1 na la 2 ndiyo asili ya oili nyingi za kawaida. Kundi la 3 nalo hutokana na mafuta ghafi, ila huchakatwa kwa haidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa hadi molekuli zake zinakaribia kufanana. Kundi la 4 ndilo linalojengwa molekuli kwa molekuli kutokana na gesi, na la 5 hukusanya yaliyobaki, zikiwemo esta. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kinachosuluhisha migogoro ya matangazo ya biashara kiliamua shauri kati ya Castrol na Mobil, na tangu hapo oili ya kundi la 3 imekuwa ikiuzwa huko na katika nchi nyingi kwa jina la sintetiki. Kwa hiyo magaloni mawili yenye neno hilo hilo usoni yanaweza kuwa na vitu tofauti ndani, na tofauti ya bei baina yao si lazima iwe ujanja wa mwenye duka.

Sasa tuje kwenye namba. Mfumo huu ni wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, na herufi W ndani yake inasimamia majira ya baridi. Oili ya 5W hupimwa kama injini itaweza kuzungushwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Ya 15W hupimwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba inayofuata baada ya kistari hueleza unene wa oili ikiwa imepata moto wa nyuzi 100. Mtu akisoma vipimo hivi akiwa Njombe au Makete, ambako Juni na Julai asubuhi hutoka ukungu na mahali pengine umande huganda juu ya majani, ataona kwamba baridi yetu, pamoja na ukali wake wote, haifiki hata karibu na baridi ambayo sintetiki husifiwa kwayo. Hata katika uwanda wa Kitulo, oili ya kawaida ya 15W iko ndani ya uwezo wake. Muuzaji anayekwambia ununue sintetiki kwa sababu ya baridi ya Mbeya anatumia hoja iliyoandikwa kwa watu wa Kanada.

Namba arobaini ni habari nyingine. Oili hiyo haina W, maana yake haikupimwa kabisa katika baridi. Imepimwa katika joto tu. Asubuhi ya nyuzi 8 huwa nzito mara kadhaa kuliko 5W-30, na pampu ya oili hulazimika kuivuta kutoka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, huku kemshafti, shafti inayofungua vali juu ya injini, ikisubiri. Zaidi ya hayo, filta ya oili ina vali ndogo inayofunguka oili inaposhindwa kupenya kwa uzito wake, ili injini isikae kavu, na vali hiyo ikifunguka, oili hupita bila kuchujwa. Injini ndogo za Toyota zilizo na VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali, huumia zaidi, kwa kuwa mfumo huo hutumia msukumo wa oili hiyo hiyo kugeuza kemshafti, kupitia vijitundu na kichujio chembamba ambavyo havikukusudiwa kupitisha uji.

Nimewahi kujadiliana na fundi wangu juu ya jambo hili, naye ni mtu wa uzoefu ambaye simdharau hata kidogo. Aliniambia, "Mwalimu, gari likishavuka kilomita laki moja nafasi zinapanuka, weka namba arobaini injini itulie." Kuna ukweli ndani ya kauli hiyo. Ringi za pistoni zikilika na beringi zikilegea, oili nene hupunguza kelele na hupunguza kiasi kinachoungua. Lakini dawa ya injini ya namna hiyo inaweza kuwa 10W-40 au 15W-40, ambayo ikipata moto huwa na unene ule ule wa namba arobaini, na ikiwa baridi hutembea vizuri zaidi. Sioni faida yoyote ambayo namba arobaini humpa mwenye IST na 15W-40 ikashindwa kumpa, ila unafuu mdogo wa bei.

Kama gari lako halijaanza kula oili, fuata alichoandika mtengenezaji. Mara nyingi huhitaji hata kitabu: funua boneti utazame mfuniko wa kujazia oili, kwani magari mengi yaliyotoka Japani yana 0W-20 au 5W-30 iliyochapwa juu yake. Mengine huja na kibandiko cha gereji ya Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva, na hata usiposoma maandishi utaona kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa. Injini ya 1NZ iliyomo katika IST nyingi, ile ya sentimita za ujazo 1,500, hukubali 5W-30 bila shida, na pamoja na filta huchukua lita 3.7, hivyo galoni moja la lita 4 linatosha na kubakiza kidogo cha kuongezea. Hapa ndipo maswali yale mawili yanapokutana, kwa sababu madukani kwetu 5W-30 na 0W-20 karibu zote ni sintetiki au nusu sintetiki, ilhali oili ya kawaida hupatikana zaidi katika 15W-40 na 20W-50. Anayechagua uzito sahihi kwa injini isiyochakaa hujikuta ameshachagua aina.

Faida ya kweli ya sintetiki kwa mtu wa huku, basi, naiona katika joto na katika kuzeeka kwa oili. Fikiria Mlima Kitonga. Gari linalopanda kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula hukaa nyuma ya malori yanayokwenda Tunduma, katika gia ndogo, mizunguko ya injini ikiwa juu na upepo unaoingia kwenye rejeta ukiwa mdogo, na joto la oili huvuka nyuzi 100 kwa urahisi. Au fikiria safari ya Kyela: barabara hupanda kwanza kutoka Uyole hadi Isyonje, hushuka kupitia Tukuyu mpaka kwenye joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kisha wakati wa kurudi gari lililojaa ndizi na mchele hupanda mwinuko wote huo. Hewa ya Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, hivyo injini isiyo na turbo hupoteza nguvu na dereva hufidia kwa kukanyaga. Katika mazingira hayo oili ya kawaida huungana na oksijeni haraka zaidi, sehemu zake nyepesi huvukizwa, na yanayobaki huwa mazito na kuacha utando chini ya kava la injini. Sintetiki hustahimili hayo kwa muda mrefu zaidi, na kwa kuwa unene wake haubadilikibadiliki sana kati ya baridi na joto, haihitaji polima nyingi za kuushikilia, zile ambazo husagika kadiri kilomita zinavyoongezeka.

Mwenye turbo, iwe Subaru Forester au kigari kidogo cha sentimita za ujazo 660, asifikirie mara mbili: atumie sintetiki. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili, na gari likizimwa ghafla baada ya mlima, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa mkaa. Sintetiki hupunguza tatizo hilo ingawa hailiondoi, ndiyo maana ni vema kuiacha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima pale juu.

Kuhusu muda wa kubadilisha, Toyota kwa soko la Japani hutaja kilomita 15,000 au mwaka 1 kwa injini ya petroli isiyo na turbo, halafu hupunguza kiasi hicho kwa nusu, kilomita 7,500 au miezi 6, kwa magari yanayotumika katika mazingira magumu. Orodha ya mazingira hayo ina barabara mbovu na za vumbi, milima, na safari fupi fupi za mara kwa mara, na anayeishi kati ya Iringa na Mbeya atadhani imeandikwa na jirani yake. Safari fupi zinadharauliwa mno. Gari linalotoka Soweto kwenda Kabwe, mitaa ya hapa hapa Mbeya, na kurudi, asubuhi ya Julai, halipati joto la kutosha kukausha maji na petroli iliyoingia kwenye oili, na ndiyo sababu baadhi ya watu hukuta utelezi wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa kujazia wakaambiwa gasketi ya silinda hedi imekufa. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, endesha gari safari ndefu kidogo, futa utelezi huo, kisha tazama tena, na angalia kama maji ya rejeta yanapungua. Yakipungua, fundi ana hoja.

Mimi hubadilisha sintetiki kila kilomita 7,000 au miezi 6, kipi kitangulie, na filta kila mara. Kwa oili ya kawaida iliyo bora nisingevuka 5,000. Kwa hiyo hesabu ya pesa ni hii: sintetiki ikiuzwa mara mbili ya bei ya oili ya kawaida, hairudishi gharama yake kwa kilomita peke yake, maana haidumu mara mbili kwa barabara zetu. Unaponunua sintetiki unalipia usafi wa ndani na akiba ya uvumilivu siku ya mlima na mzigo, na mwenye Probox ya biashara anayebadilisha kila kilomita 4,000 kwa oili ya kawaida yenye daraja la ubora la API SN au SP hafanyi ujinga wowote. Afadhali yeye kuliko mwenye sintetiki aliyeambiwa itafika 15,000 akaamini.

Kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine hakudhuru, wala kuchanganya kwa dharura njiani hakuui injini. Oili zenye alama ya API hutakiwa kuchanganyikana. Hofu kwamba sintetiki hutoboa sili ilikuwa na msingi enzi za oili za mwanzo, lakini za sasa huwekwa viungo vya kuzilinda sili. Gari chakavu likianza kuvuja baada ya kubadilishwa, mara nyingi sili ilikuwa imeshakufa na uchafu ndiyo uliokuwa umeziba. Weusi wa oili nao usikutishe, kwa kuwa viungo vya kusafisha vinapofanya kazi oili lazima iwe nyeusi. Na wenye bodaboda wasiazime 5W-30 ya gari, kwani pikipiki nyingi zina klachi inayoogelea katika oili hiyo hiyo, na viungo vya kupunguza msuguano vinaweza kuifanya iteleze. Watafute galoni lenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Haya yote hayana maana galoni likiwa la bandia. Nunua kwa muuzaji mwenye duka la kudumu atakayekupa risiti, tazama nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe na namba ya toleo vilivyochapwa kwenye galoni lenyewe na si kwenye karatasi ya kubandika, na ufungue kifuniko mwenyewe mbele ya fundi, ukihakikisha pete yake inakatika mkononi mwako. Magaloni matupu yenye majina makubwa hutafutwa na watu wanaoyajaza upya, mara nyingine kwa oili chafu iliyochujwa tu. Kabla hujaondoka gereji, omba bisibisi, litoboe galoni lako matundu mawili matatu chini, kisha ndipo uliache.