Paja la bata la 55,000

Safari ya Dar hadi Iringa sina la kuieleza sana. Kiti cha basi kilikuwa hakilali, Mikumi niliipita usingizini, na lori lililokufa katikati ya mlima Kitonga lilituweka pale hadi jua likaanza kuzama. Ninachotaka kusimulia ni chakula cha usiku mmoja.

Kaka alituma hela, mimi na wifi tumpeleke baba mdogo mahali pazuri kwa kuwa amestaafu. Mzee ameishi Kihesa miaka mingi hata salamu yake ya "kamwene" inawazidi Wahehe wenyewe. Mahali pazuri, tukaambiwa, ni hoteli moja nje ya mji yenye mgahawa wa Kifaransa. Jina lake naliacha. Vitambaa vyeupe, mshumaa, glasi tatu kwa kila mtu, menyu ya Kifaransa tupu. Na mwezi wa saba, Iringa, wametupanga barazani! Tukaomba kuhamia ndani, wakasema ndani kumehifadhiwa. Mpaka tunaondoka sikumwona huyo aliyehifadhiwa.

Niseme haki: supu yangu ya vitunguu sijawahi kunywa kitu kama kile kwenye baridi. Vitunguu vinakaangwa kwa siagi, moto mdogo, muda mrefu, hadi viwe rangi ya kahawia, kisha supu ya mifupa, juu kipande cha mkate na jibini iliyobabuliwa. Pale ndipo nilipomkumbuka bibi kule Muheza, alivyokuwa akitufukuza jikoni siku ya pilau ili asikiache kitunguu chake kikaungua. Kazi ile ile, uvumilivu ule ule. Sisi tunakiweka chini ya wali na hakuna anayekisifu. Wao wamekipa bakuli lake na bei yake.

Wifi yeye usiku wake uliharibika mapema. Aliagiza nyama ya ng'ombe, mhudumu akauliza iiveje.

"Ya kawaida tu, mdogo wangu."

Sasa Wafaransa wana ngazi zao nne za kuivisha nyama, kuanzia iliyopitishwa tu motoni, na ile wanayoiona ndiyo sawasawa, kwetu ni mbichi. Kijana akaandika hiyo. Kisu kilipoingia, maji mekundu yakatiririka hadi kwenye viazi. Wifi akasukuma sahani. "Huyu ng'ombe amechinjwa saa ngapi?" Ikarudishwa. Tukakaa nusu saa tukijikunyata, ikaja, ndani bado ya waridi. Ikarudishwa tena. Safari hii akatoka mpishi mwenyewe. Nilitarajia Mzungu, kumbe ni kijana wa Kinyalukolo, Mhehe wa hapa hapa, kofia ndefu, sauti ya upole.

"Mama, nikiongeza moto itakuwa ngumu, halafu utanilaumu mimi."

Baba mdogo akamwangalia. "Mwanangu, mama yako ukimpelekea hii, atakula?"

Kijana akacheka mpaka akashika meza. "Atanichapa, mzee." Akaondoka na sahani.

Ilirudi nyeusi, na kweli ilikuwa ngumu. Wifi akala nusu kwa hasira.

Muda wote huo baba mdogo, ambaye tulidhani ndiye atakayedai ugali, alikuwa kimya na paja lake la bata. Limelazwa kwenye chumvi usiku kucha, likapikwa taratibu kwa saa kadhaa ndani ya mafuta ya bata yale yale. Kusini-magharibi mwa Ufaransa walilihifadhi hivyo kabla ya majokofu. Ngozi inavunjika, nyama inaachia mfupa yenyewe. Alikula hadi gegedu, akafuta sahani kwa mkate, akamwuliza mhudumu bata wanatoka wapi. Dar, kwenye barafu. Mzee akatikisa kichwa.

Bili ndiyo iliyonichefua. Juu ya bei za menyu wakabandika VAT asilimia 18, kisha huduma asilimia 10, maandishi madogo kabisa chini ya ukurasa. Ufaransa kwenyewe bei ya kwenye menyu inapaswa iwe imeshabeba kodi na huduma. Hapa wameiga mshumaa, hilo wameliruka. Na huduma ipi, ya kutugandisha barazani? Hela ya kaka haikutosha, nikaongeza ya kwangu. Wifi njia nzima anasema tumeibiwa. Mimi kwa ile supu nasema nusu tumeibiwa.

Tulikaa Iringa siku chache zaidi, tukafika hadi Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa. Ila baba mdogo Kalenga hakwenda. Anafuga bata nyuma ya nyumba, na mmoja mzima, miguu yake yote miwili, humuuza 25,000. Alifunga watatu kwenye kapu, akapanda bodaboda hadi mlango wa jikoni wa ile hoteli kumtafuta yule kijana mwenye kofia. Jioni nikamkuta kibarazani, kapu tupu.

"Wamechukua?"

"Wamechukua. Wanataka sita kila Ijumaa," akasema. "Ila nimewapandishia bei."