Nusu marathoni ya Kili: Mweka ni kwenda na kurudi

Wengi wanaokuja Moshi kukimbia kilomita 21.1 kwa mara ya kwanza huishiwa nguvu Mweka, kule juu tunakogeukia, kwa sababu ya kasi waliyotoka nayo uwanjani. Shangwe ni tamu, ndiyo maana tunazipenda hizi mbio, lakini nusu ya kwanza karibu yote ni kupanda. Kama Dar unakwenda dakika 6 kwa kilomita, hapa panda kwa 6:30 hadi 6:45. Wakupite tu. Hatua fupi, mikono ifanye kazi.

Mtihani wenyewe ni kushuka. Ukirusha mguu mbele, kisigino kinapiga breki na paja la mbele linabeba mshtuko wote. Ikifika kilomita ya 17 limekaza kama gogo. Hatua ziwe fupi na za haraka, mwili uiname mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, si kiunoni. Mwezi mmoja kabla, tafuta mteremko ufanye mazoezi mara moja kwa wiki, kisha siku kumi za mwisho uache.

Kucha kata siku tatu kabla, maana kwenye mteremko vidole hugonga ncha ya kiatu. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kiatu kipya kabisa? Kiache hotelini. Vaselini mapajani, kwapani na kwenye chuchu (wanaume hudharau hili mpaka fulana iingie damu).

Chai na ndizi saa mbili kabla zinatosha. Maji piga mafunda mawili matatu kila kituo, na usigombanie meza ya kwanza. Ya mwisho huwa wazi.