Udongo wangu uliposhuka kwa bibi: nilivyojenga mteremkoni Bonyokwa, Dar es Salaam

"Mwalimu, njoo uuchukue udongo wako."

Bibi aliniambia hivyo kwenye simu, bila salamu, alfajiri moja ya mwezi Machi. Bibi ni jirani yangu wa bondeni, wa rika la mama yangu mzazi, na hajawahi kunipigia bila kuanza na habari za watoto. Wakati huo nilikuwa bado nimepanga Tabata. Nilipanda bodaboda kabla hakujapambazuka vizuri, na nilipofika sikuhitaji kuonyeshwa kitu. Tope jekundu lilikuwa limeingia uani kwake, limeziba mlango wa jiko la nje, limefukia mtaro wa pembeni na tuta lake lote la mchicha. Juu yake, kiwanja changu kilikuwa kimechanika michirizi mirefu, mingine ukitia mkono inafika kiwiko.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeleta kijiko, ule mtambo wa kuchimbia udongo. Kiwanja changu kina meta 20 kwa 30, na kutoka juu hadi chini kinashuka meta 3 na nusu hivi. Kijiko kinalipwa kwa siku, kwa hiyo nilitaka kila kitu kiishe siku hiyo hiyo. Nikamwambia dereva asafishe chote. Iling'oka mikorosho miwili, ikang'oka michongoma ya mpakani, yakaondoka majani yote. Akachimba katikati kupata uwanda wa nyumba, na udongo uliotoka akausukuma upande wa chini ukawa kilima kinachofika kifuani, juu kabisa ya mpaka wa bibi. Niliupenda ule uwanda. Nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi nimezaliwa Kondoa, mkoani Dodoma, na mtoto wa Kondoa hahitaji kufundishwa korongo ni nini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama wazee wetu walivyozoea kuuita, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyokuwa yameliwa na mmomonyoko ili majani yarudi. Marehemu baba alikuwa na ng'ombe waliohamishwa. Aliisimulia habari hiyo kwa uchungu hadi uzeeni, ila alikiri kwamba vilima alivyoviacha vyekundu ujanani vilikuja kuota miti. Mimi nilikua nikiruka makinga maji, ile mifereji yenye matuta ya kuzuia maji yasikimbie na udongo, nikienda shule. Halafu nikaja mjini, nikanunua kiwanja, nikakivua nguo mwezi wa pili masika yakiwa mlangoni. Nilidhani mmomonyoko ni jambo la mashamba.

Siku hiyo hiyo tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa: mimi, bibi na mjukuu wake, mjumbe wa shina, na afisa mazingira wa kata. Sikubishana. Afisa aliniandikia zuio: kazi isimame, tope lote liondolewe kwa bibi na mtaroni, na nisianze tena mpaka nionyeshe nitakavyozuia udongo na kuongoza maji ya mvua. Kisha akaomba kibali changu cha ujenzi. Nilikuwa nacho, tena ndani ya faili safi la plastiki. Akakigeuza, akaweka kidole kwenye masharti: maji ya mvua yasielekezwe kwa jirani, kifusi kisiwekwe barabarani wala mtaroni. Akafungua na ramani. Mchoraji alikuwa ameonyesha kwa mishale maji yanapotoka kwenye paa, yanapopita, na mtaro wa mawe yanamoingia. Mtaro huo mimi niliutoa kwenye bajeti kwa sababu fundi alinishauri ujengwe mwishoni, nikishahamia.

Nilikuwa nimekilipia kibali hicho na kukisubiri, nisikisome. Nadhani wengi wetu tunafanya hivyo. Tunasoma ukubwa wa sebule na idadi ya vyumba, lakini ukurasa wa maji tunaupita kana kwamba ni mapambo ya mchoraji.

Kulisafisha tope kulichukua siku tatu, vibarua wanne na toroli mbili. Siku ya pili mmoja wao alipendekeza tulimwage kwenye kijito kilicho chini ya mtaa, maji yatalipeleka yenyewe. Nilikataa, na kwa kukataa huko namshukuru Mungu. Vijito vya huku kwetu vinaingia Msimbazi. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu, unapita Jangwani na kuingia baharini pale daraja la Selander. Mchanga tunaoachia huku juu hautoweki, unatuama kule ambako mto umetulia, sakafu ya mto inapanda, na maji yakikosa nafasi yanapanda Barabara ya Morogoro. Mafuriko ya Desemba 2011 bado nayakumbuka, watu wa bondeni wanahamishiwa Mabwepande na magodoro yao yamelowa. Mchanga wa kujaza mto ule unatoka kwenye viwanja kama changu. Basi udongo wote tuliurudisha juu kwa toroli, na jasho lake nililiona kuwa halali yangu.

Kuandaa mpango ndiko kulinifundisha sheria. Shemeji yangu ni fundi sanifu wa ujenzi, alikaa nami jioni mbili mezani. Nilitegemea kuonyeshwa sheria moja ya mmomonyoko, lakini vipande vyake vimetawanyika. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ndiyo inayotaka kibali kabla ya kuendeleza ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto, na hiyo kwetu haikuwa nadharia, kwa sababu kulikuwa na dalali anatembeza watu viwanja vya pembeni mwa kijito kile kile. Mtaro ukitaka kutokea kwenye barabara ya mtaa, unaongea na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, maana hifadhi ya barabara si yako. Na chini ya hizo zote kuna sheria ndogo za halmashauri, ambazo nakala yake niliisoma kwenye benchi la ofisi ya kata. Ukiziunganisha zinasema jambo moja ambalo bibi aliliweka kwa maneno machache kuliko zote: udongo ukae kwa mwenyewe.

Kazi yenyewe ilianza Juni, masika yalipokwisha, na tulijiwekea kwamba mambo ya udongo na maji yatangulie kabla ya tofali la kwanza. Tulipima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule ule mafundi wanaotumia kusawazisha msingi. Mtu mmoja anasimama na ncha moja, mwingine anatembea na nyingine, na maji yakilingana unapigilia kigingi. Vigingi vikiungana unapata mstari usiopanda wala kushuka. Jicho linadanganya sana kwenye mteremko. Mstari niliokuwa naapa umenyooka ulikuwa umeshuka karibu nusu meta.

Tulichora mistari mitatu: juu ya sehemu iliyochimbwa, chini kidogo ya uwanda wa nyumba, na mpakani na bibi. Kila mstari tukachimba kinga maji, mfereji wa kina kifupi wenye tuta upande wa chini, na juu ya tuta nikapanda vetiva. Hizi ni nyasi za mashada. Mizizi yake haitambai, inashuka chini moja kwa moja na inaweza kufika meta 3, ndiyo maana zinashika udongo kama mshono. Zile tunazopanda hazizai mbegu zenye uhai, hivyo haziwavamii majirani. Siri yake ni kuzibana: kati ya shina na shina sentimita 10 hadi 15, si zaidi, la sivyo maji yanapata mlango. Mstari wa meta 20 ulikula miche kama 150. Kwa mistari mitatu nilinunua miche 450, kila mmoja shilingi 500, jumla 225,000. Ukilinganisha na nilichomlipa mwenye kijiko, ni pesa ndogo.

Kosa la pili lilikuwa viroba. Nilivijaza mchanga nikavipanga mpakani vishike udongo wakati vetiva inakua. Vile vya plastiki vyeupe jua la Dar es Salaam liliviunguza. Kufikia Oktoba ukivigusa vinavunjika kama maganda ya kitunguu, na mvua ya kwanza ya vuli ilivimwaga vinne. Safari hii tope liliishia kwenye kinga maji ya mwisho, halikufika kwa bibi. Tangu hapo udongo ulio wazi naufunika kwa majani makavu yaliyofyekwa, na lundo la mchanga wa ujenzi linalala chini ya turubai lililokandamizwa kwa mawe, hata kama mbingu ni nyeupe.

Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ulinigharimu mabishano. Fundi alitaka tofali za inchi 6, ukuta ulionyooka, umepigwa lipu, basi. Shemeji alikataa katakata. Alinieleza kwamba kinachoangusha kuta hizi mara nyingi ni maji yaliyonaswa nyuma yake. Udongo ukilowa unakuwa mzito na unasukuma. Tukajenga kwa mawe, chini ukuta mpana na juu mwembamba, nyuma yake tukamwaga kokoto, na kila baada ya meta moja na nusu tukaacha tundu la bomba la inchi 2. Mvua ikinyesha matundu yale yanatoa maji kwa utulivu, na mimi hukaa barazani nikayahesabu.

Kisha paa. Hapa ndipo hesabu ya darasani kwangu ilipokutana na maisha yangu. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa langu lina meta za mraba 130, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo masika inaweza kushuka kwa usiku mmoja, ni lita 6,500 zinazoanguka mahali pamoja, kwenye mstari wa ukingo wa bati, na kuchimba. Nikaweka gata pande zote na simtanki la lita 5,000. Linajaa kabla mvua haijafika milimita 40, na yanayozidi yanaingia kwenye mtaro wa mawe, ule ule wa kwenye ramani. Mtaro tumeujenga kwa vidaraja ili maji yashuke yakijikwaa, yasikimbie, na mwisho wake kuna shimo la kina cha kiuno ambamo tope linatuama kabla maji hayajatoka.

Lakini maji yakitoka kwangu yalikuwa lazima yapite kwa mtu. Hilo kibali changu kisingeweza kulimaliza peke yake, na hapo ndipo bibi alipotusaidia. Aliomba mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa tuitane wenye viwanja sita vya safu yetu. Tulikaa chini ya mwembe wake. Ubishi ulikuwepo, mmoja akisema kwake hakujawahi kuingia tope hivyo halimhusu, na bibi akamjibu, "Baba, wewe uko juu. Tope lako nimelifagia mimi." Hakujibu tena. Tuliandika makubaliano tukayapeleka mtaani yakagongwa muhuri: mtaro mmoja wa pamoja kwa michango ya wote, hakuna kuchimba uwanda kati ya Machi na Mei, udongo haulundikwi upande wa chini wa kiwanja, na kila anayejenga anaacha ukanda wa majani mpakani na kuzoa shimo lake la tope baada ya kila mvua kubwa. Mwenyekiti alimwalika afisa mazingira, akaja na utepe, akapima meta 60 kutoka ukingo wa kijito, vigingi vikapigwa. Yule dalali hatujamwona tena.

Zuio langu liliondolewa Agosti. Nilihamia mwaka uliofuata, na masika yangu ya kwanza pale sikulala. Usiku wa mvua kubwa ya Aprili nilishuka na tochi saa nane kwenda kuangalia shimo la tope. Nilimkuta bibi upande wake, amejifunika kanga kichwani, naye anamulika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Maji meupe leo."

Asubuhi nilizoa ndoo nne za mchanga shimoni nikazipandisha juu, kwenye matuta ya mihogo.

Mwezi wa pili mwaka huu kijana mmoja amenunua kiwanja kilicho juu yangu. Jumamosi nikasikia kijiko kinapanda. Nilitoka na karatasi ya makubaliano mkononi na mpira wa maji begani. Alikuwa na kibali, naye kakihifadhi kwenye faili safi. Nilimwambia, "Kaka, tugeuze ukurasa kwanza." Tulisoma wote tukiwa tumesimama, kijiko kinanguruma pembeni, halafu akamwomba dereva azime. Alichofanya siku hiyo ni kuchimba kinga maji moja tu mpakani mwetu, kwa jembe, mimi nikishika ncha ya mpira. Kijiko kitarudi Juni. Miche 150 ya kuanzia nimemgawia kutoka kwenye mashada ya mstari wangu wa chini, na bibi ametuma mjukuu wake aje kumwonyesha jinsi ya kuibana.