Ukinitumia wimbo, niwekee na MusicXML

Tumsifu Yesu Kristo, walimu wenzangu wa kwaya. Nina ombi: mnaponitumia wimbo kwa wasapu, pamoja na PDF niwekeeni na faili la MusicXML, yaani nota zilizohifadhiwa kwa namna ambayo programu za kuandika muziki zinaweza kuzifungua na kuzirekebisha. PDF inafaa kuchapa na kugawia waimbaji, basi. Teno wangu wakishindwa kufika G ya juu nikataka kushusha wimbo kutoka F hadi E flati, PDF hainisaidii. Inabidi nikae kuandika upya sauti zote nne na beti zote.

Wapo wanaonitumia midi. Midi, iliyoanza 1983, hukieleza kinanda ibonyezwe sauti ipi na kwa muda gani. E flati iliyo juu kidogo ya C ya kati kwake ni namba 63, na D shapu nayo ni 63 hiyohiyo. Programu inayopokea hubaki kubahatisha, ndiyo maana wimbo unaweza kurudi umejaa shapu zisizo na mantiki.

MusicXML huitaja nota kwa jina lake: E, imeshushwa nusu, oktava ya 4. Chini ya nota huweka silabi, na kusema kama inaanzisha neno, iko katikati au inalimaliza. "Tumshangilie" ukiigawa vizuri kwenye Finale, programu ya kuandikia nota, MuseScore, ambayo ni programu nyingine ya namna hiyo, inaipokea tu-m-sha-ngi-li-e, na ile "m" imekaa kwenye nota yake. Anayetunga kwa Kiswahili anajua jinsi hilo linavyookoa muda. Michael Good ndiye aliyeibuni MusicXML, toleo la kwanza likatoka 2004, na leo programu za nota kama Sibelius, Dorico na MuseScore zote zinaisoma.

Kinachonisukuma zaidi ni Finale. Wengi wetu tumeandikia humo miaka mingi, na Agosti 2024 MakeMusic, kampuni yenye Finale, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Iliyo kwenye kompyuta yako bado inafunguka, lakini Windows zitabadilika na mashine zitakufa. Nyimbo za watunzi ambao wametangulia mbele ya haki zimo kwenye mafaili hayo, nyingine nakala yake ni moja tu. Fungua Finale sasa, nenda kwenye Export, toa MusicXML. Matoleo ya karibuni yanageuza folda nzima kwa mkupuo.

Kuna marekebisho utayafanya. Mpangilio wa kurasa huvurugika, na maneno ya beti ya tatu hupenda kupanda juu ya besi. Angalia pia D.C. (alama ya kurudi mwanzo wa wimbo, penye kiitikio): mara nyingi huja kama maandishi tu, kwa hiyo ukicheza wimbo haurudi kwenye kiitikio mpaka uiweke upya kwa alama ya programu yenyewe. Nota na maneno, lakini, huwa salama.

Mlio Morogoro, Jumamosi baada ya mazoezi nipo na kompyuta. Njooni na flashi, hata zenye yale mafaili ya zamani ya Finale, ya .mus.