Siku moja Chake Chake: tairi husomwa kwanza, bei baadaye

Saa 12:45 asubuhi

Kwenye karakana yetu ya matairi, upepo wa tairi hupimwa saa hizi, kabla jua halijapanda na kabla gari haijatembea. Gari iliyolala uani tangu jana inatoa kipimo cha kweli. Iliyotoka Konde sasa hivi haitoi. Tairi likipata joto, upepo wake hupanda kama psi 1 (psi ni kipimo cha upepo) kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Dereva anayepima mchana baada ya safari huona 37, hupunguza mpaka 33, na alfajiri ya pili yake anatembea na 29 bila kujua.

Gari ya kwanza ni Noah inayopeleka watoto skuli. Kipimo chake kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Gari za Kijapani huandika kPa, kipimo kingine cha upepo: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni kama 35. Namba iliyo kwenye ubavu wa tairi lenyewe, 44 au 51, ni kikomo cha juu kabisa cha tairi. Wanaojaza kwa namba hiyo wanaendesha juu ya mpira mgumu unaogusa barabara katikati tu.

Matairi ya nyuma ya Noah hii yameliwa kingo zote mbili na katikati bado kuzuri. Huo ni upepo mdogo wa muda mrefu. Yangeliwa katikati peke yake, upepo ungekuwa umezidi. Yangeliwa upande mmoja, tungetazama alaimenti (unyoofu wa magurudumu), bolijointi na tairodi (viungo vya magurudumu na usukani). Yangekuwa na mabonde mabonde kama mawimbi, shokapu zingekuwa zimechoka. Haya tunayatazama kabla ya kuuza chochote, kwani tairi jipya kwenye gari yenye kasoro ile ile litakwisha kwa namna ile ile, na mapema.

Saa 2:00

Mwenye Noah, tunayemwita Mwalimu, anataka mawili ya bei nafuu. Tayari ameona 185/65R15 mahali, bei nzuri, na rimu ni inchi 15 kama zake. Namwambia, "Mwalimu, hebu tuyasome kwanza."

Ya kwake yameandikwa 195/65R15 91H. Upana ni milimita 195. Urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mpaka hapo wengi wanajua. Kinachorukwa ni 91, namba ya mzigo: kila tairi linabeba kilo 615. Yale aliyoyaona yana 88, yaani kilo 560. Pungufu ni kilo 55 kwa kila tairi, kwenye gari inayojaa watoto na mabegi kila siku. Isitoshe, kipenyo kinashuka kutoka kama milimita 634 hadi 621. Mita ya mwendo itadanganya, na kama gari inavuta magurudumu manne, tofauti ya mbele na nyuma itachosha difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Rimu kuingia hakutoshi.

H ni kikomo cha mwendo, kilomita 210 kwa saa. T ni 190. Pemba hakuna pa kukimbia hivyo, lakini herufi hiyo inaeleza pia uwezo wa tairi kustahimili joto, kwa hiyo hatushuki chini ya ile ya kibandiko. Na pakiwa na neno TRACTION ubavuni, tunachukua A au AA, kwa sababu daraja hilo hupimwa kwa breki kwenye njia iliyolowa.

Saa 3:30

Mzigo wa matairi ya mtumba umefika kutoka bandarini Mkoani. Hii ndiyo kazi ninayoipa muda kuliko zote, na haraka yoyote hapa ni hatari kwa mtu mwingine.

Kwanza, kitambaa na maji ya sabuni. Matairi mengi huja yamepakwa dawa ya kung'arisha, na weusi ule unaficha nyufa. Likishasafika, ubavu unakunjwa kwa magoti mpaka nyufa zifunguke. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa yenyewe hata kama tairi halijatembea kilomita moja. Mafuta yaliyomo hukauka, unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji.

Pili, umri. Tunatafuta herufi DOT na kufuata mpaka tarakimu nne za mwisho, mara nyingi ndani ya duara refu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande mmoja hauna tarakimu hizo, geuza. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Zikiwa tarakimu tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na hilo halizungumzwi. Baadhi ya watengenezaji gari wanataka tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji tairi wengi wanaweka miaka 10 kuwa mwisho hata kashata, vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zikiwa nzima. Kwa jua letu, sisi hatufungi lililopita miaka 6. Mwaka unaandikwa kwa chaki kubwa kwenye kashata ili mnunuzi auone bila kuuliza.

Tatu, ndani. Tochi na mkono. Ukikuta mduara wa unga mweusi unaotoka kwa kidole, tairi hilo limetembezwa bila upepo na ubavu umejisaga kwa ndani, hata kama kwa nje linapendeza. Linatupwa. Nundu ubavuni maana yake nyuzi zimekatika. Linatupwa. Kiraka karibu na bega, yaani pale kashata zinapokutana na ubavu, vivyo hivyo.

Nne, mifereji. Tairi jipya la gari ndogo huwa na kina cha kama milimita 8. Ndani ya mifereji mikubwa mna vijituta vinavyopita kwa upana; hivyo viko milimita 1.6, na kashata zikilingana navyo tairi ni kipara. Kwa masika ya Pemba tusisubiri huko: chini ya milimita 3 maji hayana pa kupitia na gari huanza kuelea juu yake. Asiye na kipimo achukue kijiti cha kiberiti na rula ya mtoto wa skuli, apime sehemu tatu: kingo mbili na katikati. Vile vijituta vikiwa havipo, au vimekatwa, tahadhari: mtu amechonga kashata upya kwa kisu cha moto, na chini yake umebaki mpira mwembamba kabla ya waya.

Katika matairi 20 leo, 7 yamefaulu. Watu hushangaa mengi ya yaliyokataliwa yana kashata nene kuliko yaliyokubaliwa.

Saa 5:00

Vitz iliyoshuka melini wiki hii. Kijana mwenyewe ana furaha, matairi ya Japani, kashata zimejaa. Nampa tochi asome: STUDLESS, na pembeni picha ya mlima wenye chembe ya theluji. Haya ni matairi ya barafu. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, na kila kashata imekatwakatwa vijistari vyembamba. Kwenye lami ya nyuzi 30 hewani, na zaidi sana chini, kashata hizo hulegea na kuyumba. Breki inachukua njia ndefu, kona inakuwa kama gari iko juu ya godoro, na matairi yanaisha haraka. M+S peke yake si tatizo, kwani matairi mengi ya gari za juu yana alama hiyo; alama ya kukataa huku kwetu ni mlima na theluji.

Anauliza kama anaweza kuyamaliza kwanza. Nimemwambia hapana, kaka, si kwa miteremko ya kwenda Mkoani.

Saa 6:30 mchana

Adhuhuri. Kompresa inazimwa. Matairi yaliyo nje yanaingizwa ndani, mbali na mota ya umeme, kwa sababu mota hutoa gesi ya ozoni na ozoni hupasua mpira.

Saa 8:00

Kufunga. Pumzi ya bahari inakula rimu zetu, za chuma na za aloi, na tairi jipya juu ya kutu litapungua upepo kidogo kidogo kila wiki. Mdomo wa rimu unasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka uwe laini. Valvu ya mpira inabadilishwa kila tairi linapobadilishwa. Ni kitu cha bei ndogo, na ikipasuka tairi zima linashuka ukiwa njiani. Mdomo wa tairi unapakwa sabuni maalumu, si grisi wala oili, ambazo zinalainisha mpira na kuacha tairi lizunguke juu ya rimu. Mshale wa ROTATION utazame mbele, neno OUTSIDE litazame nje. Nukta ya njano ikiwepo, inawekwa penye valvu, kwani hapo ndipo tairi ni jepesi.

Upepo wa kukalisha tairi hauvuki psi 40. Halijalia "pa" mara mbili, sauti ya midomo yake kukaa kwenye rimu? Toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Kuongeza tu upepo ndiko kunakorusha tairi usoni kwa fundi.

Balansi mpaka mashine isome sifuri. Nati zinakazwa kwa kukatisha, ya juu kisha ya mkabala wake, mwisho kwa spana ya kipimo. Kwa Toyota ndogo nyingi ni Nm 103. Bunduki ya upepo peke yake huvuta stadi (bolti za gurudumu) au kupinda diski. Zirudiwe kukazwa baada ya kama kilomita 50.

Saa 9:00 alasiri

Mvua imepita, na Mwalimu amerudi na fedha ya mawili mapya. Anayataka mbele, "kwa sababu mbele ndiko kunakovuta."

Mapya yanakwenda nyuma. Kwenye kona iliyolowa, mbele kukiteleza, gari inapanua kona na dereva anahisi kwenye usukani. Akiondoa mguu taratibu, inarudi. Nyuma kukiteleza, gari inageuka yenyewe kabla hajajua. Na ukiteremka mlima ukishika breki, uzito unakwenda mbele na nyuma kunakuwa kwepesi, basi kunahitaji mifereji mirefu zaidi. Yaliyokuwa mbele yabaki pale kama yana zaidi ya milimita 3. Amekubali.

Saa 10:30

Hiace ya abiria. Tairi lake sahihi ni 195/80R15 107/105: 107 ni kilo 975 tairi likiwa moja kila upande, 105 ni ya matairi pacha. Dereva amefungiwa nyuma matairi ya gari ndogo yenye 91. Mawili yanabeba 1,230 badala ya 1,950. Watu, mizigo ya juu, magunia ya karafuu msimu ukifika. Tairi linachemka kwa ndani na kupasuka kwenye mlima, si kwenye tambarare. Hatukuongeza hata upepo. Tumemwonyesha namba mbili hizo, na ameiacha gari hapa mpaka kesho.

Saa 11:30

Pancha tatu. Tundu katikati ya kashata, lisilozidi milimita 6, linazibwa kwa ndani: kizibo na kiraka kwa pamoja. Utambi unaosukumwa kutoka nje bila kuvua tairi ni wa kukufikisha nyumbani. Ubavuni na begani hatuzibi. Tairi la akiba linapimwa hapo hapo. Lile jembamba linaloanza na herufi T linadai kPa 420, karibu psi 60, na halitakiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Nalo lina tarakimu zake nne, na la leo linasema 0609.

Saa 12:15 jioni

Kabla ya Magharibi, yaliyokataliwa yanapangwa ukutani na kila moja linakatwa ubavu kwa kisu, pande mbili, kama shubiri moja hivi. Lisipokatwa, litaonekana tena barabarani limeng'arishwa.