Kura kwa simu? Mimi bado nasema hapana

Uchaguzi ukikaribia hapa Kenya lazima usikie vijana wakiuliza, si tunatumiana pesa kwa M-Pesa kila siku, mbona kura tusipige kwa simu tumalizane na foleni? Swali ni la maana lakini mimi nakataa. Pesa ukituma unapata meseji, aliyepokea naye anapata yake, ukikosea namba unaomba irudishwe. Kura ni siri, haiwezi kukuletea meseji ya kusema ulimchagua nani, manake ikikuletea tu basi aliyekuhonga mia tano umpigie kura atataka kuiona, sasa ikibadilishwa huko ndani wewe utajuaje?

Na hata leo kura yetu ni karatasi, hilo watu husahau. Kile kimashine cha KIEMS kinakutambua kwa kidole, jioni kinapiga picha fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, na kuituma, basi. Hesabu inafanyika kituoni mbele ya mawakala wa wagombea, wanasaini, nakala inabandikwa mlangoni. 2017 matokeo ya urais yalitangazwa Agosti 11 na fomu zingine hazijafika, halafu Mahakama ya Juu ikaagiza seva za tume ya uchaguzi, IEBC, zifunguliwe zikaguliwe, tume ikazungusha mpaka muda ukaisha. Septemba 1 Jaji Mkuu Maraga akasoma uamuzi, uchaguzi ukafutwa. Na kumbuka Chris Msando, aliyekuwa anasimamia teknolojia IEBC, alishauawa siku chache tu kabla ya kura, hiyo bado inaniuma sana.

2022 mashine bado zilikuwa za kampuni ya nje, fujo pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia matokeo, zilikuwepo, makamishna wanne wa IEBC wakayakataa matokeo, lakini picha za fomu kutoka vituo zaidi ya elfu 46 ziliwekwa kwa tovuti kila mtu azione. Mtu wa Turkana angeweza kukagua kituo cha Likoni akiwa kwake! Kesi ilipofika kortini fomu halisi zikalinganishwa na zile za mtandaoni na madai kwamba zilichezewa yakaanguka. Wengine hawakuridhika, sawa, ila angalau kulikuwa na kitu cha kushika na kubishania.

Katiba ibara ya 86 inataka mfumo rahisi, salama na unaoweza kuthibitishwa. Kwa hivyo 2027 fomu ziwekwe tena wazi vilevile, na seva zikaguliwe na wataalamu wa pande zote kabla hatujapanga foleni, si mpaka jaji aagize.